Ndizi ya Malkia

Nyumba ya Shangazi Ketrina pale Mlowo ilikuwa ya udongo kama nyumba nyingine zote, ila kwa ndani ilivaa magazeti. Mumewe, Amoni, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Kila Mzungu yule alipomaliza kusoma magazeti yake ya picha yaliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya, Amoni aliyabeba kwapani mpaka nyumbani, na Shangazi akakoroga uji mzito wa mahindi na kuyabandika ukutani. Aliyabandika hasa, si kubandika kwa kubahatisha. Panya walipokuja kula uji nyuma ya karatasi, aliwapiga kwa kiatu kupitia usoni mwa mabwana wenye masharubu, na hakuna bwana aliyewahi kulalamika.

Nesta aliupenda ukuta ule kuliko kitu chochote Mlowo. Kwao ni Itaka, na kila msimu wa kahawa alikuja kukaa kwa shangazi yake wiki mbili tatu, wanakoboa na kuanika. Jioni wakiwa wanasubiri ugali uive, wawili hao walikaa mbele ya ukuta na kuzipa picha maneno, maana hakuna kati yao aliyejua Kiingereza hata cha kuombea maji.

Picha waliyoipenda ilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Malkia wa Waingereza, kijana bado, amevaa kofia ndogo, amekaa kitini. Mbele yake amepiga goti jitu moja jeusi, kifua wazi, kiunoni amevaa majani, na kwa mikono miwili anamnyoshea Malkia kitu kilichopinda, chenye kamba iliyosukwa kutoka ncha hii hadi ncha ile. Nyuma yake wanaume wenzake wameketi chini, viganja vimekunjwa kama vikombe, wanapiga makofi.

"Ndizi," alisema Shangazi Ketrina siku ya kwanza, bila wasiwasi wowote.

"Ndizi moja, Shangazi? Malkia amevuka bahari yote hiyo, apewe ndizi moja?"

"Labda kwao mwaka ulikuwa wa njaa."

"Na kamba ya nini?"

"Ili isimdondoke Malkia. Huoni alivyo mwembamba?"

Walicheka mpaka ugali ukashika chungu. Tangu hapo, mtu yeyote aliyeleta zawadi ndogo katika nyumba ile aliambiwa ameleta ndizi ya Malkia.

Sasa, mwaka huo wa hamsini na nne, Nesta alikuwa na jambo moyoni, na jambo lenyewe lilikuwa na miguu mirefu na baiskeli. Jina lake Fanueli, Mnyamwanga wa Tunduma, mtu ambaye nusu ya ukoo wake ilikuwa huku na nusu ng'ambo, kwa sababu Wazungu walipochora mpaka wao hawakuuliza shamba ni la nani. Alikuwa na wajomba upande wa Nyasa, na kwa mlango huo wa wajomba aliingia jeshini, akawa askari wa Keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, akapelekwa kupigana msituni katika nchi ya Wamalai. Amerudi mwaka mmoja uliopita, na sasa anapakia mchele wa Kamsamba kwenye baiskeli, anauza Mlowo. Nesta alimpenda kwa sababu ndogo tu: alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia, mpaka ilibidi asubiriwe.

Na hadithi alikuwa nazo. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya mtani wake.

"Kule msituni," alimwambia Nesta siku moja, wakiwa wamekaa juu ya gunia lake la mchele, "walikuwepo askari kutoka visiwani. Fiji panaitwa. Bahari kila upande, ukitema mate yanaingia baharini. Watu wakubwa, weusi kama sisi. Nikakaa jirani na mmoja, tukawa tunaongea Kiingereza cha jeshini, kile cha maneno arobaini. Namuuliza, kwenu nani anatawala? Ananiambia, Mwingereza. Namuuliza, kodi mnalipa? Ananiambia, tunalipa. Kuna Bwana Shauri? Yupo, anakaa nyumba yenye bendera, na machifu wetu wanaitwa pale kuambiwa watuambie nini. Nesta, nikacheka mpaka nikakaa kwenye matope. Miaka yote nilidhani haya ni yetu peke yetu!"

"Na yeye akasemaje?"

"Akacheka zaidi. Akasema, basi wamekata nguo moja wakatushonea wote, ndiyo maana inatubana. Wao wamezidi kidogo, wamelimiwa miwa ardhini mwao, na Wahindi wakaletwa kwa meli kuikata. Halafu nikaona jambo jingine. Wakipewa kitu kwa heshima wanapiga makofi hivi." Alikunja viganja kama vikombe na kuvigonganisha taratibu, sauti ikatoka nzito, ile ile ambayo Wanyamwanga na Wanyiha humpigia chifu au mkwe. "Nikamwambia, hayo makofi umeyaiba kwetu. Akasema, ninyi ndio wezi. Na utani wanao! Kwao watu wa upande fulani na upande fulani ni watani, anaingia nyumbani kwako anachukua kuku na kukutukana juu, nawe unatakiwa ucheke. Basi tukawa watani. Alivuta tumbaku yangu mwaka mzima, mimi nikalalia blanketi lake."

Siku mto ulipofurika na kumchukua mtani huyo, Fanueli ndiye aliyemvuta kwa mkanda wa bunduki. Walipoagana, mtani akampa jino la nyangumi. Kwao mtu akienda kuomba mke hubeba jino hilo, na baba wa binti akishalipokea hawezi kukataa. Alisema anamlipa tumbaku yake.

"Nionyeshe," Nesta alisema.

"Hutaliona mpaka siku ya posa. Liko ndani ya kitambaa."

"Huyo mtani anaitwa nani?"

Fanueli aliangalia kulia na kushoto. "Nitakuambia leo, kwa sababu bado si mkwe. Anaitwa Osea."

Nesta akaziba mdomo. Osea lilikuwa jina la baba yake.

"Umeona shida yangu?" Fanueli alicheka. "Siku jembe langu likipokelewa, jina hilo sitalitaja tena mpaka niingie kaburini. Mtani wangu atakuwa mtani tu."

Hiyo ilikuwa desturi, na haikuwa na mlango wa nyuma. Jembe la posa likishapokelewa, jina la baba mkwe linatoka mdomoni mwa mume, na mwenye kulitamka amemvua mkwe wake nguo hadharani.

Tatizo lilikuwa Mzee Osea mwenyewe. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kahawa na sala, aliyeamini kile alichokigusa na kile kilichoandikwa katika Biblia, na kati ya hivyo viwili hakuacha nafasi kubwa. Habari za visiwa zilikuwa zimemfikia. "Mtu aliyetembea mbali peke yake," alisema, "shahidi wake ni mdomo wake. Njia ya mwongo fupi. Tutaona yake inaishia wapi." Nesta alijua maana yake. Baba yake hakumchukia Fanueli. Alimwogopa, kama unavyoogopa daraja usilojua limejengwa na nani, na binti yako ndiye anayepita.

Siku ya posa Itaka, wanawake walikuwa jikoni wamebanana kwenye ufa wa mlango, Nesta nyuma yao wote, kwa kuwa yeye ndiye hakutakiwa kuona. Alisikia tu. Alisikia mshenga akiweka jembe chini, jembe la chuma cha kale kilichofuliwa na mababu. Akasikia baba yake akisema, "Jembe nimelipokea."

Kisha mshenga akafungua kitambaa. "Na hili, Mzee, ni jino."

"La nini?"

"La samaki."

Mzee mmoja aliyewahi kuvua Kamsamba miaka saba akasema samaki amekula tangu hajaota meno, na hajapata kumwona samaki mwenye jino la namna hiyo. Watu wakaangua kicheko. Mzee Osea hakucheka. "Jembe nimelipokea," alirudia. "Hilo jingine sijui ni nini. Sipokei nisichokijua."

Kabla maneno hayajatulia chini, akaruka Osward. Osward alikuwa mtoto wa Shangazi Ketrina, kwa hiyo kwa Nesta ni binamu, na binamu ni mtani. Siku ya posa ana ruhusa ya kuteka zawadi ya mwoaji na kutaka ikombolewe. Zaidi ya hapo alikuwa askari wa Bwana Nyama, yule Mzungu wa serikali anayelinda wanyama wa porini, na siku hiyo alikuja na kaptula yake ya kaki na kofia yenye beji, kwa kuwa nguo nyingine nzuri hakuwa nayo.

"Kwa jina la serikali!" alinguruma, akalinyakua jino. "Jino hili halina kibali! Bwana harusi, uko chini ya ulinzi! Litakombolewa Jumamosi kwa jogoo mwekundu, na awe mnene!"

Vigelegele vilipasua paa. Hata Mzee Osea alitabasamu. Osward akalifunga jino katika kitambaa chake, akalining'iniza kwenye baiskeli, akateremka na njia ya Mlowo huku akiimba.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Siku ya Ijumaa Bwana Nyama alipita kukagua nyumba za askari wake, akaingia kwa Osward, akakuta limetundikwa kwenye msumari jino la rangi ya siagi, refu kuliko mkono wa mtoto. Alilishika. Akaligeuza. Aliyajua meno ya tembo na ya viboko, na yote aliyoyajua yalitakiwa yawe na muhuri.

"Hili ni la nani?"

"La Fanueli, Bwana, muuza mchele wa Kamsamba."

Kamsamba! Kule bondeni kuelekea Rukwa, viboko walikuwa hawahesabiki, na wenye kuwaua kwa siri nao hawakuwa haba.

"Na kwa nini liko kwako?"

Osward, maskini, alisema ukweli. "Ni utani tu, Bwana. Anamwoa binamu yangu, kwa hiyo naruhusiwa kumwibia."

Bwana Nyama alitoa kalamu na kuandika neno lile la mwisho.

Jumatatu Fanueli aliitwa bomani. Nesta alisimama nje penye dirisha, pamoja na watu wengine, na hapo kwa mara ya kwanza akaliona jino juu ya meza: limepinda, la manjano, lina kamba iliyosukwa kutoka ncha hadi ncha. Kuna kitu kilimgusa akilini kikapita. Hakukishika.

Bwana Nyama hakuwa mtu mbaya. Kiswahili chake alijifunza kitabuni, na alikisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Unasema ulipewa. Vyema. Ulipewa na nani?"

"Na mtani wangu, Bwana. Askari mwenzangu. Wa Fiji."

"Jina lake nani?"

Fanueli akafumbua mdomo, akaufumba.

"Mliishi pamoja mwaka mzima, na hulijui jina lake?"

"Nalijua, Bwana."

"Basi sema."

Nesta aliushika ukingo wa dirisha. Aliona jasho likimshuka Fanueli shingoni. Jina moja tu, herufi nne, na pengine angekwenda zake. Wala baba mkwe hakuwapo, angejuaje? Lakini pale nje walikuwa watu wa Itaka watano au sita, na hata wasingekuwapo, Nesta alielewa, asingelisema. Fanueli aliangalia chini.

"Siwezi, Bwana."

"Hutaki."

"Siwezi."

"Mtu asiye na jina," Bwana Nyama alisema, "kwangu ni mtu asiyekuwapo." Akamwambia karani aandike: kesho asubuhi mshtakiwa apelekwe Mbeya kwa hakimu. Miezi minne haikosi. Askari wakamshika Fanueli mkono, naye alipopita dirishani alimtazama Nesta akajaribu kucheka, na kwa mara ya kwanza kicheko kikagoma kutoka.

Nesta alirudi Mlowo karibu akikimbia. Nyumbani kwa Shangazi alimkuta baba yake ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, na jembe la posa magotini. Amelibeba toka Itaka, aliposikia mkwe wake ameitwa bomani. Osward naye alikuwa pembeni, bila kofia, kichwa chini.

"Osward ananiambia ameulizwa jina akanyamaza," Mzee Osea alisema. Hakukasirika, alisikitika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mtu mkweli hana jina la kuficha, mwanangu. Mimi nilitaka aniumbue. Nilikuwa naomba aniumbue. Kesho namrudishia mshenga jembe lake."

Jembe likirudi, hakuna posa. Na jembe lililorudi haliji tena. Nesta alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, hakulificha. Alishindwa kulitaja kwa sababu ni jina lako."

"Jina langu?"

"Huyo mtani wake anaitwa Osea." Hakuwa amepata kulitamka jina la baba yake mbele yake tangu azaliwe, na ulimi ulimwasha. "Aliniambia kabla ya jembe. Alisema likipokelewa hatalitaja tena. Wewe ulilipokea, Baba. Kwa hiyo leo amechagua jela."

Mzee Osea alilipapasa jembe kwa kidole gumba.

"Visiwani kuna Osea?"

"Na wao wana Biblia, Baba. Wamishenari walifika huko kama walivyofika hapa."

"Kama ni kweli," alisema polepole, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "kama ni kweli, sijapata kusikia mkwe aliyeheshimiwa namna hiyo. Lakini nani shahidi? Hilo jino nani amewahi kuliona hapa duniani?"

Nesta aliinua uso ili ajibu, asijue atajibu nini. Juu kidogo ya kichwa cha baba yake, karibu na mlango wa jikoni, jitu lenye kifua wazi lilikuwa limepiga goti, linamnyoshea Malkia kitu cha manjano kilichopinda, chenye kamba iliyosukwa kutoka ncha hadi ncha.

"Shangazi!" alipiga kelele. "Shangazi, si ndizi!"

Shangazi Ketrina alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akaangalia. Osward akaja, akaangalia, na yeye ndiye aliyekaa na jino lile siku nne msumarini. "Kamba ile ile," alinong'ona. "Mama, kamba ni ile ile!"

Wakajaribu kulibandua. Lakini Shangazi hakuwa mtu wa kubandika ili kibanduke. Nesta alipovuta pembe, mpiga makofi mmoja akakatika kichwa, na wote wakapiga yowe kama vile mtu ameumia kweli. Walilowesha maji, karatasi ikaanza kulegea na kuyeyuka. Shangazi akawasukuma wote.

"Tokeni. Nyumba ni yangu."

Alichukua panga la Amoni na kuukata ukuta. Alikata juu, akakata chini, akazikata fito mbili zilizokuwa ndani, na kipande cha udongo chenye ukubwa wa sinia la harusi kikatoka kizima, Malkia na wageni wake juu yake. Jua la saa nane likaingia kupitia tundu, na nyuma ya jua akaingia kuku wa jirani.

"Nani atakibeba?" Mzee Osea aliuliza.

Wote wakamgeukia Osward. Mtani aliyeharibu, mtani hutengeneza; naye alijua, akasokota kata ya majani ya mgomba, akaiweka kichwani palipotakiwa kuwa na kofia ya serikali, na wakamtwika.

Safari ya bomani ilikuwa mwendo wa saa mbili, na sidhani kama barabara ile imewahi kuona nyingine kama hiyo. Mbele Osward na kaptula ya kaki, shingo ngumu, udongo unamdondokea puani. Nyuma yake Shangazi akimwelekeza mashimo. Kisha Nesta, kisha Mzee Osea na jembe lake begani, hakuliacha.

"Mmebeba nini?" wanawake waliotoka kisimani waliuliza.

"Ukuta," Shangazi alijibu.

"Unakwenda wapi?"

"Bomani. Unakwenda kutoa ushahidi."

Wanawake wale waliweka mitungi yao chini ya mti na kuwafuata. Mwenye jambo lake shambani aliacha. Walipofika bomani walikuwa watu arobaini, na karani akatoka mbio akidhani ni maandamano ya kodi.

Bwana Nyama alikuwa anakunywa chai. Alitazama umati, akamtazama askari wake mwenye ukuta kichwani, akaweka kikombe chini.

"Osward," alisema. "Ni nini hicho?"

"Ni shangazi yake bibi harusi, Bwana. Yaani, ni nyumba yake. Kipande."

Walikitua mezani, kando ya jino. Fanueli aliletwa kutoka mahabusu, hajui hili wala lile. Bwana Nyama aliinamia karatasi. Alisoma maneno madogo ya Kiingereza yaliyokuwa chini ya picha, midomo ikicheza. Aliliinua jino, akaliweka karibu na lile la pichani. Akahesabu misuko ya kamba. Akasoma tena. Masikio yake yakaanza kuwa mekundu, na wekundu ukateremka mpaka kwenye kola.

"Imeandikwaje, Bwana?" Nesta aliuliza. Hakujua ujasiri umetoka wapi.

Bwana Nyama alikohoa. "Imeandikwa kwamba, huko Fiji, machifu walimpa Malkia jino la nyangumi. Kwa heshima kubwa. Kwa desturi yao."

Halafu ikasikika sauti ya Shangazi Ketrina, ya upole kabisa:

"Na Mama Malkia kibali anacho, Bwana?"

Karani alijifanya ameangusha kalamu akaingia chini ya meza, na meza ikaanza kutikisika. Nje walioelewa waliwaelewesha wasioelewa, na kicheko kikaenda kama moto wa nyasi mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Bwana Nyama alijitahidi. Aliikaza midomo, akaangalia dari, akashindwa. Akacheka naye, akafuta macho kwa leso. Nesta alicheka na machozi yakamtoka, ila aliona pia kwamba baba yake hachezi wala hacheki, amemkazia macho Fanueli.

"Vyema," Bwana Nyama alisema alipopata pumzi. "Si kiboko. Nimekosea. Lakini lazima niandike katika kitabu mali hii imetoka kwa nani, ndipo niirudishe. Fanueli, sasa mambo yamekwisha. Jina lake nani?"

Kicheko kikakatika. Fanueli alilitazama jino, akamtazama Nesta, kisha akamwona mkwe wake amesimama mlangoni na jembe begani. Akainamisha kichwa.

"Siwezi, Bwana."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Bwana Nyama alitupa kalamu mezani. Na hapo Mzee Osea akaingia. Alivua kofia yake, akalitua jembe chini taratibu, mbele ya miguu ya Fanueli, mpini ukimwelekea mzee mwenyewe kama lilivyowekwa siku ya posa, ishara kwamba bado amelipokea.

"Andika, Bwana," alisema. "Andika Osea. Ni jina langu mimi, na ni la wajina wangu aliyeko visiwani. Huyu kijana hawezi kulitaja kwa sababu ni mkwe wangu. Umemtisha kwa jela na hakulitaja. Umemwuliza tena na hakulitaja. Mimi mwenyewe nilimwita mwongo, na kumbe alikuwa ananisitiri." Akamgeukia Fanueli. "Njia ya mwongo fupi, nilisema. Hii yako, mwanangu, nimeifuata na sijaona mwisho wake."

Bwana Nyama aliandika. Herufi nne. Kisha akalichukua jino kwa mikono miwili, jambo ambalo hakufundishwa na kitabu chochote, akampa Fanueli.

Fanueli hakulifunga katika kitambaa. Alipiga goti palepale kwenye sakafu ya serikali, akalinyosha mbele ya mkwe wake.

"Baba," alisema, "siku ile hukulipokea, ulikuwa hulijui."

Mzee Osea alishuka chini taratibu, goti moja kisha la pili, mzee wa kanisa mwenye mvi. Alilipokea jino, akaliweka juu ya jembe. Akakunja viganja vyake kama vikombe na kuvigonganisha, mara tatu, ile sauti nzito ya kumpokea mtu. Nyuma yake Osward akapiga, udongo ungali kwenye nywele. Watu wa nje wakapiga, arobaini wote, na juu ya meza, kwenye kipande cha ukuta wa Shangazi Ketrina, wale wanaume wa visiwani walikuwa wameketi chini na viganja vilevile, na hata yule aliyekatika kichwa alikuwa anapiga.

Nesta alisimama mlangoni akilia bila kujificha. Fanueli aligeuka, akamwona, na akaanza kucheka kabla hajapata la kusema.